Kungwi Aliyewafunda Wanaume wa Boma

Wanangu hucheka nikiwaambia kwamba kwetu delta, zamani za Wadachi, palikuwa na kungwi aliyewafunda wanaume. Wanadhani nimezeeka akili. Kungwi ni wa wasichana, wananiambia, mwanaume mwenye ndevu atafundwa nini? Nami nawajibu, ndevu hazikumsaidia mtu bomani. Pale mlikuwa na bwana mzungu nyuma ya meza, mkalimani kando yake na askari mlangoni mwenye kiboko mkononi. Mwanaume aliyeua mamba kwa mkuki akifika mbele ya meza ile alisahau hata jina la mamaye.

Kwa hiyo walikuja kwake. Si wote, ni wale wa kazi za serikali: wapiga kasia wa boma, matarishi, wakata kuni za meli, wapima mikoko. Watu hawa walikuwa na tabu ya namna yake. Tarishi akiumwa na mbwa wa tajiri njiani, akienda bomani huambiwa, mbwa si wetu, nenda kwa mwenye mbwa. Akienda kwa mwenye mbwa huambiwa, wewe mtu wa serikali, nenda kwa serikali yako. Anabaki katikati na jeraha lake linanuka. Basi hapo ndipo aliposhika njia ya kwa kungwi.

Alikuwa akimkalisha mkekani uani kwake, kama anavyomkalisha mwali, miguu imenyooka mbele. Yeye anakaa kwenye kigoda, anakunja uso, anakuwa bwana shauri, yule mzungu wa kusikiliza kesi. "Sema, ulikuwa wapi?" Mtu akianza kwa kuzunguka, "Bwana, mimi siku ile niliamka na kichwa kinaniuma," anapigwa mwiko wa goti. "Sikukuuliza kichwa! Ulikuwa wapi, ulitumwa na nani, ulikuwa umeshika nini, nani kakuumiza?" Halafu anageuka kuwa tajiri, anamtukana yule maskini matusi ya kuanzia unyayoni mpaka utosini. Wengine walilia. Niliwaona kwa macho yangu, wanaume wazima, machozi yanateleza kwenye ndevu. Akishalia vya kutosha anamwambia, "Haya, umemaliza kulia kwangu. Kwao hutalia." Na kweli hawakulia.

Mimi nilimjua tangu nikiwa mwali wake. Alinifunda mimi, akawafunda dada zangu, na yeye ndiye aliyenipeleka kwa mume siku ya harusi akanikabidhi akisema nina mdomo lakini wali wangu haugandi chini. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, tambuu haimtoki kinywani. Alitema ovyo, kizingiti cha nyumba yake kilikuwa chekundu.

Mambo yake mengine yalikuwa hayapatani. Kazaliwa delta, kakulia delta, na maji anayaogopa kufa. Akipanda mtumbwi anafumba macho toka ukingo huu hadi ule, na muda wote anamtukana mpiga kasia: polepole mbwa wee, unataka kuniua, mamako alikuzaa kwenye tope! Tukifika anafumbua macho anasema ahsante sana, mwanangu, kwa upole mpaka unamshangaa. Akiulizwa umri alisema uongo bila haya, kila mwaka anajipunguzia. Lakini ukimletea uongo ndani ya shauri anakufukuza na vyombo vyako. Na serikali alikuwa haipendi hata kidogo. Askari walipokuja kuwaswaga watu kwenda shamba la pamba la jumbe, alijilaza mlangoni akasema kafa, wamzike. Wakamruka wakaenda zao.

Siku moja nilimuuliza. "Bibi, watu hawa wanawafanyia kazi Wadachi. Wadachi wenyewe huwataki. Unawahangaikia ya nini?"

Akanitazama kama mtu anayeangalia chungu kilichovunjika. "Mguu ukivunjika unauma mguu, hauumi Udachi. Na anayelala njaa ni mkewe. Wewe mume wako anampigia nani kasia?"

Mume wangu alikuwa mpiga kasia wa boma.

Sasa nije kwenye habari yetu, maana huwezi kumjua mwanamke yule bila habari hiyo.

Ilikuwa wakati wa vita vya maji, mpunga umeshaanza kupinda. Huko milimani nyumba zilikuwa zinateketezwa, na huku bondeni askari walipita wakitazama watu miili. Ndiyo, miili. Mwanaume akionekana na jeraha la risasi haulizwi mengi. Risasi kaipata wapi kama si vitani? Anatiwa mnyororo wa shingo, na wengi waliotiwa mnyororo ule walimalizikia kwenye kamba. Na sisi kina mama tulikuwa tunaombea waume zetu wasijikwae hata na kisiki.

Mume wangu alitumwa na boma apeleke mtumbwi wa serikali kwenye msitu wa mikoko, kuwachukua wapimaji. Akapita kwenye bandari ndogo ya tajiri mmoja wa boriti. Tajiri yule alikuwa na hofu ya vita, anataka boriti zake zitoke haraka, na mitumbwi hana, watu wamekimbia nayo. Alikuwa na nokoa wake, msimamizi wa wakataji, mtu wa milimani. Nokoa akamwita mume wangu: lete huo mtumbwi. Mume wangu akasema huu wa serikali, siwezi. Yule bwana akachukua gobori la tajiri wake, akampiga nalo la paja. Gobori lilijaa vipande vya misumari. Mume wangu akaanguka ukingoni, mtumbwi ukachukuliwa.

Wakataji wote walikuwepo, wameona. Mngesema basi ushahidi upo, si ndiyo? Ngojeni niwaeleze ujinga wa mume wangu.

Watu wa milimani ni watani zetu. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu, kukunyang'anya kitoweo chunguni, kukuvua kilemba, nawe unacheka. Mtani ndiye anayekuja msibani kwako kufanya vituko waliofiwa wapate kupumua, anaigiza marehemu alivyotembea na alivyokoroma, na ndiye anayeshika jembe kaburini. Jambo la mtani halifiki kwa hakimu. Sasa mume wangu yuko chini, damu inamtoka, watu wamekusanyika na mikono kichwani, yeye anaona haya kulia mbele ya mtani. Akacheka! Wallahi akacheka, akasema, "Mtani wangu kaamua kunizika leo. Haya, jembe unalo?" Watu wote wakacheka naye, wakamfunga kitambaa wakampandisha kwenye mtumbwi wa mpita njia. Likawa limekwisha. Kila aliyekuwepo alijua ule ni utani umepita kiasi, na utani haushitakiwi.

Akaletwa kwangu paja limefumuka. Nikamficha kwenye dungu letu, kile kibanda cha juu tunacholindia mpunga. Mchana nafukuza ndege, huku nyuma yangu mume anaungua homa. Ikaja habari kwamba boma linatafuta mtumbwi wake. Mtumbwi haupo, mpiga kasia hayupo; basi kawapelekea watu wa vita.

Nikamwendea kungwi. Alikuja, macho kafumba kwenye mtumbwi kama kawaida yake, akapanda ngazi ya dungu anahema. Akamfunua paja. Kisha akakaa mbele yake, akakunja uso.

"Ulikuwa wapi?"

"Bandarini kwa tajiri."

"Ulitumwa na nani?"

"Boma."

"Nani kakupiga?"

Mume wangu akageuza uso.

"Nimekuuliza nani kakupiga!" Mwiko ukalia kwenye goti zima.

"Bibi," mume wangu akasema, "yule ni mtani. Tumeshacheka, yamekwisha. Nikimtaja mbele ya mzungu nitamtazama nani usoni? Na huko kwao wananyongwa kila siku. Sitamtaja."

Mimi nikalipuka. Nikamwambia utanyongwa wewe, mpumbavu wewe, uniache na mpunga na ndege! Nilisema mengi, mengine siwezi kuyarudia mbele ya wajukuu. Kungwi akaninyamazisha kwa mkono. Alimtazama mume wangu, na nadhani alimpenda kwa lile neno, ingawa hakusema.

"Sawa," akasema. "Usimtaje. Ukiulizwa, jibu yote lakini hilo liache. Ila hapa hukai. Ukikutwa umejificha hakuna wa kukusikiliza."

Asubuhi yake, jua limewaka, akawaita wanawake wote aliowafunda. Wakambeba mume wangu kitandani, juu ya mabega, njia nzima ya ukingoni mpaka bomani, na yeye mbele anapiga ngoma ndogo ya unyago. Watu walitoka majumbani kutazama. Askari wa kwanza aliyekutana nasi alirudi nyuma, hakujua kama ni harusi au msiba. Tukamtua barazani. Kungwi akasema kwa sauti, "Huyu mpiga kasia wenu. Kaumia kwenye kazi yenu. Tumewaletea."

Wakamfunua, wakaona jeraha, wakamtia mnyororo hapohapo.

Nilimrukia kungwi kifuani. Nikampigia kelele, umeniulia mume, mchawi mkubwa wewe, umemchukua mikononi mwangu ukawapa! Akatoa kanga yake ya bega akanifuta pua, kama mtoto.

Tajiri wa boriti ndiye aliyejileta mwenyewe. Aliposikia mpiga kasia yuko ndani, akaona vyema awahi kusema. Siku ya shauri akaja na kanzu safi, na nokoa nyuma yake kama shahidi. Baraza ilijaa. Nokoa akasimama akasimulia: walikuja watu wenye vitambaa vya vita kichwani kutaka kuchoma boriti, naye akalinda mali ya bwana wake, akampiga mmoja, ndiye huyo. Mtumbwi? Mtumbwi hakuuona.

Nikamtazama mume wangu kwenye mnyororo. Aliinamisha kichwa tu. Bwana shauri alimuuliza yote akajibu yote, vizuri, kama alivyofundwa. Akaulizwa nani kakupiga, akanyamaza. Bwana akaandika. Hata mimi nisiyejua kusoma niliona anaandika nini.

"Bado mimi," kungwi akasema.

Bwana akauliza ni nani. Mkalimani akamwambia ni mwanamke wa ngoma. "Mwambie mimi ni wakili wa huyu mtu," kungwi akasema. Yule mzungu alitabasamu kidogo, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, aulize shahidi neno moja, basi.

Kungwi hakuuliza. Aliinuka, akazunguka mpaka mbele ya nokoa, akaweka mikono kiunoni.

"Ebo, mtani! Hata salamu? Kumbe siku hizi watu wa milimani mnashika bunduki. Nilidhani kazi yenu ni kukimbiza panya!"

Watu wakaguna kicheko. Nokoa akabana midomo.

"Na kulenga hamjui. Umetaka kichwa ukapata paja! Babu yako alilenga nguruwe akaua mbuzi wa mkwewe, leo mpaka kesho hamjalipa."

Watu wakacheka wazi. Mtani akitukanwa asijibu ni aibu kubwa kwake, bora avuliwe nguo. Niliona shingo ya nokoa inavimba.

"Lakini sikulaumu. Nimesikia huyu wetu alisimama imara kama mnazi, kifua mbele, akakutazama hivi. Wewe ndiye uliyetetemeka mpaka gobori likajifyatukia lenyewe. Si ndivyo? Ulijikojolea, mtani, sema kweli!"

"Nani? Mimi?" Nokoa hakuweza tena. "Huyu wenu alisimama? Huyu? Mama wee, mtani, mngemwona!" Akaruka katikati ya baraza, akakunja magoti, akakumbatia kasia ambalo halikuwepo, akatoa sauti nyembamba ya kike: "Usinipige, mtani, usinipige! Mtumbwi wa serikali huu! Bwana mkubwa ataniua nikikupa!"

Loo, tulicheka. Askari walicheka. Mume wangu na mnyororo wake shingoni alicheka, kwa sababu alimwigiza sawasawa. Hata mimi, Mungu anisamehe, mume wangu yuko kwenye mlango wa kifo nami nacheka.

Asiyecheka alikuwa mkalimani. Bwana shauri akamgeukia, kasema nini? Mkalimani akatafsiri neno kwa neno. Nokoa alikuwa bado kakunja magoti pale katikati. Niliona uso wake unavyobadilika alipofahamu alichosema.

Mnyororo ukatolewa shingoni mwa mume wangu ukavishwa yeye, uleule, hawakutafuta mwingine. Mtumbwi ukakutwa kwenye kijito cha tajiri, umelala chini ya boriti.

Mwingine angeshukuru akaenda zake. Kungwi akasema bado. Mguu wa mtu huyu utatazamwa na nani? Bwana akajibu kwamba serikali haikumpiga, aliyempiga kapatikana. "Siku mnamtuma ni mtu wenu," kungwi akasema. "Siku anaumia anakuwa wa nani? Wangu? Mimi nilimpa kasia?" Bwana akafunga shauri, akaingia ndani. Kungwi akatandika mkeka wake barazani, akafungua tambuu yake, akaanza kutema palepale mlangoni kwa mzungu. Askari alimtisha kwa kiboko, akamwambia piga, mwanangu, lakini ukishapiga ujue na mimi nitakuwa nimeumizwa barazani kwa serikali, utafundwa wewe nyumbani kwangu kabla sijafa. Ikaamriwa mume wangu atibiwe na mganga wa boma, na tajiri amlishe mpaka apone. Tajiri akaleta mchele wenye funza. Kungwi akaubeba kichwani mwenyewe akaenda kuumwaga kwenye sebule yake, mbele ya wageni. Uliofuata ulikuwa mchele mzuri.

Nokoa hakurudi. Walimpeleka kazi za mnyororo mbali, sijui wapi, na hakuna aliyemwona tena. Mimi kumlilia sikumlilia, nisiwadanganye. Lakini kwao, huko milimani, walikuwa wamezika watu wengi mno, na wakasema: wetu wengine wameuawa na Wadachi kwa bunduki, huyu kauawa na mtani kwa utani. Wazee wao wakakata neno. Na sisi wengine waliendelea kututania, hata mume wangu, kwa kuwa hakumtaja mwenzake. Kungwi peke yake wakamwacha. Akimpa mtu wao tusi la utani, anajibiwa kwa heshima, shikamoo bibi, na kupitwa. Alipofiwa na dadake wakaja majirani tu. Hapakuwa na wa kuigiza wala kunyang'anya chungu, tukakaa tumenyamaza siku zote za matanga, na msiba ule ulikuwa mzito sana.

Kama lilimuuma, hakulisema. Aliendelea kukalisha watu mkekani na kuwapiga mwiko.

Miaka ikapita, nyumba zikajengwa tena, watoto wangu wakaota meno wakayang'oa. Kungwi akaugua. Kifua, kisha miguu ikavimba. Wazee wa watani wakasikia, wakaniita mimi kwa kuwa nilikuwa mwali wake. Waliongea nami kwa uzuri. Wakasema: "Hatutaki mbuzi wala nguo. Mwambie aseme neno moja tu, kwamba alikosea. Akilisema, siku yake tutakuja wote na jembe letu, tutamzika kama anavyostahili. Asipolisema, atazikwa kimya."

Nililia njiani. Nilitaka alikubali. Nilimpenda, na sikutaka kuona matanga mengine kama yale ya dadake, tena yakiwa yake. Tukaenda na mume wangu. Yeye akabaki nje anaufunga mtumbwi, mimi nikaingia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umenenepa. Sema ulilotumwa, uso wako umejaa."

Nikamwambia yote. Alisikiliza huku kafumba macho, nikadhani kalala. Nikamshika mkono. "Bibi, ni neno moja. Hata kama humaanishi. Wewe umewafunda watu wangapi kusema?"

"Nimewafunda wasiseme uongo," akasema. Akakohoa sana, nikamwinua nikamwegemeza kifuani kwangu. Alikuwa mwepesi. "Kijana yule wa milimani nilijua atacheza tu nikimtania. Nilijua watamfunga. Nililala nalo na kuamka nalo kabla ya shauri, usidhani nilijikwaa. Yuko wapi mumeo?"

"Nje, bibi."

"Mwite."

Mume wangu akaingia, akainamisha kichwa kumwamkia. Akamzuia kwa mkono. "Usinipe shikamoo. Tembea. Nenda mpaka kwenye jiwe la kusagia lile, urudi."

Mume wangu akanitazama. Nikamwashiria aende. Akatoka uani, anachechemea kama anavyochechemea mpaka leo, bega moja juu, lingine chini, akafika kwenye jiwe, akageuka, akarudi. Watoto wetu wawili wadogo walikuwa wanamfuata nyuma wanamwigiza. Kungwi alimtazama hatua kwa hatua, macho wazi kabisa.

"Tena," akasema.

Akaenda tena, akarudi tena, akasimama mlangoni anatweta.

Kungwi akajilaza kwenye mto wake, akanitazama usoni.

"Waambie wasije."

Nikasema, "Bibi."

"Wasije, nimesema."

Nikamfunika miguu, nikajifunga kanga yangu vizuri, nikaenda kuwaambia.